Ile Fowadi ya Sheikh Ahmad Ilifika Lindi Mwaka wa 1908

Kama uko kwenye grupu ya WhatsApp ya familia ya Kiislamu, hii meseji unaijua. Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume s.a.w. huko Madina, ameota ndoto. Ameambiwa umma umeharibika na Kiyama kiko karibu, na wewe unayesoma uitume kwa watu kadhaa. Ukiituma, kheri inakuja ndani ya siku chache. Ukiipuuza, kuna mtu fulani mahali fulani aliipuuza na mwanawe akafa. Shangazi ameituma saa kumi na moja alfajiri, na hakuna mtu kwenye grupu ana roho ya kumwambia kitu.

Sasa sikiza. Mwaka wa 1908 ujumbe huo huo ulikuwa unazunguka Lindi, kusini mwa Tanzania ya leo. Bila simu, bila bando. Ilikuwa barua ya kunakiliwa. Sheikh Ahmad yule yule, ndoto ile ile, Kiyama kile kile. Wajerumani waliokuwa wakitawala huko waliingiwa na wasiwasi wa ajabu. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeisha mwaka uliotangulia tu, kwa hivyo kila karatasi iliyopita mkono kwa mkono waliona ni uasi unapangwa. Ripoti zikaandikwa, na hata wasomi wa huko kwao Ujerumani wakaichambua. Wanahistoria wanaiita Barua ya Makka.

Na hata hiyo 1908 haikuwa mpya. Miaka ya 1880 msomi mmoja Mholanzi, Snouck Hurgronje, alikuwa tayari ameandika kuhusu barua ya aina hiyo iliyosambaa kwenye visiwa vya Indonesia ya leo. Rashid Rida, mhariri wa jarida la Al-Manar kule Cairo, aliikanusha. Miaka mingi baadaye Sheikh Ibn Baz wa Saudia naye akaandika waraka mzima kuikanusha. Bado inatembea. Huyu Sheikh Ahmad ameota ndoto moja kwa zaidi ya karne na hajaamka hadi leo.

Ninaianza na hii kwa sababu nimechoka na ule wimbo wa "intaneti imewapoteza vijana". Kila mawaidha ya Ijumaa unausikia. Enyewe, simu imeharakisha mambo, hilo sikatai. Lakini uongo wa dini ulifika pwani yetu kabla ya umeme. Kilichotupotea ni swali ambalo Waislamu walijifunza kuliuliza miaka 1,300 iliyopita: hii umeitoa kwa nani?

Swali hilo lina historia, na ni tamu kuliko watu wanavyodhani.

Alikuwako mwanachuoni wa Basra, Iraq, akiitwa Muhammad ibn Sirin. Alifariki mwaka wa 110 Hijria, yaani karibu 729. Kwenye utangulizi wa Sahih Muslim amenukuliwa akieleza kwamba hapo mwanzo watu hawakuwa wakiulizana habari za wapokezi. Mtu akikwambia Mtume alisema hivi, ulimwamini. Kisha ikaja fitna, Waislamu wakapigana wenyewe kwa wenyewe, na kila upande ukaanza kutafuta maneno ya Mtume ya kuubeba. Hapo ndipo watu wakaanza kusema: tutajie majina ya waliokusimulia. Akajulikana mkweli na akajulikana mzushi.

Hiyo orodha ya majina ndiyo inaitwa sanad. Na si orodha ya mapambo. Chukua hadith ya kwanza kabisa kwenye Sahih al-Bukhari, ile ya nia ambayo umeikariri tangu chuoni. Bukhari aliipokea kwa al-Humaydi, naye kwa Sufyan, naye kwa Yahya bin Said al-Ansari, naye kwa Muhammad bin Ibrahim al-Taymi, naye kwa Alqama bin Waqqas, naye alimsikia Umar bin al-Khattab akiisema juu ya mimbari, naye Umar aliisikia kwa Mtume. Kila jina hapo ni mtu aliyechunguzwa. Aliishi wapi? Alikufa lini? Je, inawezekana kweli alikutana na yule anayedai kumsikia, au mmoja alizaliwa mwingine ameshazikwa? Kumbukumbu yake ilikuwa vipi uzeeni? Zikaandikwa kamusi nzima za wasifu wa hawa watu, mijuzuu kwa mijuzuu, ili wewe usilishwe kitu hewani.

Bukhari mwenyewe alizaliwa mwaka wa 810 huko Bukhara, Uzbekistan ya leo, akasafiri Makka, Madina, Basra, Baghdad, Misri, akikusanya. Inasimuliwa kwamba aliteua kitabu chake kutoka riwaya laki sita. Usishtuke na hiyo namba. Wanachuoni walihesabu njia, si maneno. Hadith moja ikija kwa sanad kumi inahesabiwa kumi. Mwishowe kitabu kina riwaya zaidi ya 7,000, na ukiondoa zinazojirudia zinabaki kama 2,600.

Sasa wale wazushi walikuwa kina nani? Hapa ndipo mimi hupenda kukaa, kwa sababu wengine hawakuwa watu wabaya. Kuna Nuh bin Abi Maryam wa Marw, mtu msomi, kadhi. Aliulizwa hizi hadith zako za fadhila za kila sura ya Qur'ani, moja baada ya nyingine, umezitoa wapi? Inasimuliwa akajibu kwamba aliona watu wameshughulika na fiqhi ya Abu Hanifa na habari za vita za Ibn Ishaq, wameiacha Qur'ani, akaamua kutunga ili kuwarudisha. Alitaka kheri! Na hiyo ndiyo roho ya shangazi wa saa kumi na moja alfajiri. Hatumi ili akupotoshe, anatuma kwa sababu anakupenda na anaogopa moto kwa niaba yako. Mapenzi hayo hayaifanyi meseji kuwa kweli.

Kisha kuna kisa cha Baghdad ambacho kila mtu anayeanza elimu ya hadith hukisikia. Ahmad bin Hanbal na rafiki yake Yahya bin Main waliingia msikitini, wakakuta msimulizi amesimama mbele ya watu anasema: nimesimuliwa na Ahmad bin Hanbal na Yahya bin Main. Kisha akamwaga hadith ya ajabu kuhusu ndege anayeumbwa kwa kila neno la dhikri, akaendelea nayo hadi basi. Wale wawili wanatazamana. Msimulizi alipomaliza na kukusanya pesa zake, Yahya akamwita: mimi ndiye Yahya, huyu ndiye Ahmad, hatujawahi kuisikia hiyo. Jamaa hakutetereka hata kidogo. Akawaambia nilikuwa nikisikia Yahya ni mjinga, leo nimehakikisha. Kwani nyinyi ndio Ahmad na Yahya pekee duniani? Mimi nimeandika kutoka kwa Ahmad bin Hanbal kumi na saba.

Manze, huyo angekuwa na wafuasi milioni moja TikTok.

Lakini subiri. Karne kadhaa baadaye al-Dhahabi wa Damascus, aliyefariki 1348, alikichunguza kisa hicho hicho. Akaangalia sanad yake, akamkuta mpokezi asiyejulikana, akakitilia shaka kwamba huenda nacho kimetungwa. Yaani hata stori ya kuwacheka wazushi, stori inayowapendeza watu wa hadith wenyewe, haikupewa ruhusa ya kupita bila kitambulisho. Mimi kwa hilo nawavulia kofia.

Tuje nyumbani. Pwani yetu elimu ilishuka kwa njia hiyo hiyo ya majina. Mtoto alipelekwa chuoni kwa maalim, akimaliza juzuu, wenye hamu wakaendelea na darsa msikitini, kitabu kwa kitabu, mbele ya mwalimu aliyekisoma mbele ya mwalimu wake. Ukihitimu unapewa ijaza, ruhusa ya kukifundisha, ikiwa na mlolongo wa majina unaorudi nyuma hadi kwa mtunzi. Ndiyo maana ukitajiwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa 1891, unatajiwa pia kwamba alisoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir. Na ukitajiwa Sheikh Abdallah Saleh Farsy, unatajiwa kwamba alipita kwa Sheikh Al-Amin. Lamu nako Habib Saleh, mzaliwa wa Ngazija, aliujenga Riyadha ukawa kituo ambacho wanafunzi walikifuata kutoka mbali.

Si kwamba wazee hawa walikubaliana. Maulidi ya Habib Saleh yenye matari ilizua ubishi mkali Lamu kwenyewe. Sheikh Al-Amin alikosoa waziwazi mambo mengi aliyoyaona ni uzushi. Lakini kila mmoja alikuwa na jina, mtaa na mlango. Ukitofautiana naye ulijua pa kwenda kubisha hodi.

Ndipo ikaja teknolojia mpya, yaani chapa. Nadhani hii sehemu ndiyo inayotuhusu zaidi, kwa sababu ni mara ya kwanza Mswahili kusoma dini ya mtu asiyemwona. Sheikh Al-Amin hakukimbia. Alikuwa msomaji wa Al-Manar iliyotoka Cairo kwa meli, na mwaka wa 1930 akaanzisha kigazeti chake, Sahifa, kisha 1932 Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu, ili Mswahili asome kwa lugha yake. Huyo baadaye, 1937, ndiye aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kwa hivyo mtu akikwambia sheikh wa kweli hawezi kutumia chombo kipya, mkumbushe.

Na angalia kilichotokea kwa tafsiri za Qur'ani. Tafsiri kamili ya kwanza iliyochapishwa kwa Kiswahili ilitoka 1923. Mfasiri? Godfrey Dale, kasisi wa Kianglikana wa misheni ya UMCA, Zanzibar, akiwa na maelezo yake ya pembeni yaliyokuwa na ajenda ya mmisionari. Ya pili ikatoka 1953, kazi ya Mubarak Ahmad Ahmadi wa Ahmadiyya, Nairobi. Masheikh wa Kisunni waliona tafsiri mbili, hakuna yao. Sheikh Al-Amin alikuwa ameianza kazi, akafariki 1947 kabla ya kuimaliza. Hatimaye Sheikh Farsy, ambaye kufikia hapo alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akakamilisha Qurani Takatifu mwaka wa 1969, na ndani yake akawajibu Ahmadiyya moja kwa moja. Mwaka wa 1995 ikaja tarjama ya Ali Muhsin al-Barwani, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa serikali ya Zanzibar iliyopinduliwa Januari 1964, akafungwa karibu miaka kumi na baadaye akaishi Ghuba.

Hizo ni tafsiri nne, watu wanne, nia nne tofauti. Ukizipanga mezani bila majada yake, kijana wa leo ataziita zote "Qur'ani ya Kiswahili". Hivyo ndivyo tunavyosoma kwenye simu: bila jalada.

Basi tukirudi kwenye simu, maana najua wengi mmekuja kwa hii sehemu.

Programu ya Qur'ani ikiwa haikwambii jina la mfasiri, ifute. Sina upole kwenye hilo. Kwa maandishi ya Kiarabu, mradi wa Tanzil ulianza 2007 kwa lengo moja, kupata maandishi ya Qur'ani ya kidijitali yaliyohakikiwa herufi kwa herufi, kwa sababu nakala zilizokuwa zikizunguka mtandaoni zilikuwa na makosa ya uchapaji. Hapo utaipata tarjama ya al-Barwani, na jina lake liko wazi.

Kwa hadith, sunnah.com imetusaidia sana, ila ujue unachokiangalia. Maandishi ya Kiarabu hapo yana sanad nzima. Tafsiri ya Kiingereza ya Bukhari inakupa jina la mwisho tu, Umar amesimulia, basi. Ile kazi yote ya kina al-Humaydi na Sufyan imekatwa ili wewe usichoke. Pia namba zinachanganya: hadith moja inaweza kuwa na namba tatu kutegemea toleo, kwa hivyo usimwite mtu mwongo kwa sababu namba yake haifanani na yako. Na vitabu kama vya Abu Dawud na Tirmidhi vina hadith sahihi na dhaifu pamoja; tafuta hukumu yake na uangalie imetolewa na nani. Kuwemo kitabuni tu hakutoshi. Anayesoma Kiarabu ana dorar.net, unaandika maneno ya hadith na inakuletea wanachuoni walisema nini juu yake. Jaribu ile ya kutafuta elimu hata ikibidi Uchina, ambayo nimeiona imechorwa kwenye kuta za shule. Al-Bayhaqi alisema sanad yake ni dhaifu, Ibn al-Jawzi akaiweka kabisa kwenye kitabu chake cha hadith za kuzuliwa. Elimu tutafute, ndiyo, ila tusimbebeshe Mtume maneno.

AI nayo? Itakupa hadith ya Bukhari yenye namba na jina la mpokezi, kwa Kiswahili kizuri, na ukienda kwenye namba hiyo unakuta kitu kingine kabisa, au hakuna kitu. Huyo ni msimulizi wa Baghdad, tofauti ni kwamba hakusanyi pesa mkononi.

Fatwa ndipo moto unapowaka majumbani. Mfano halisi: qunuti ya sala ya alfajiri. Pwani tumelelewa kwenye madhehebu ya Imam Shafi, na kwa Shafi qunuti hiyo ni sunna. Kwa Hanbali na Hanafi sivyo. Sasa kijana wa Kisauni anauliza Google, anafungua tovuti inayojibu kwa msimamo wa wanachuoni wa Saudia, anasoma kwamba si sunna, anashuka chini na kumwambia babu yake aliyeswali hivyo miaka sitini kwamba ni mzushi. Tovuti haikudanganya. Haikumwambia tu kwamba kuna jibu lingine, lenye sanad yake, la Imam mwingine, ambalo ndilo lililoletwa hapa na meli za Hadhramaut. Kabla ya kusoma jibu, fungua ule ukurasa wa "kutuhusu" ambao hakuna anayeufunguaga. Nani wanaandika? Walisoma wapi? Wanafuata madhehebu gani? Kama ukurasa huo haupo, au umejaa sifa bila jina la binadamu hata mmoja, umepata jibu lako.

Namfikiria hasa yule aliyesilimu juzi, yuko Umoja au Rongai, hana babu wa kumgombeza wala chuo wala duksi aliyopitia. Kwake simu ndiyo msikiti wa kwanza. Klipu ya sekunde thelathini, imekatwa katikati ya darsa ya saa moja, ndiyo "Uislamu". Watu wabaya wanalijua hilo, na humu nchini tumeshawazika watu kwa sababu ya vijana waliofundishwa na sauti zisizo na uso. Ukimjua mtu kama huyo, mpeleke darsani Jamia au msikiti wowote wa karibu hata mara moja kwa wiki, awe na mtu mmoja anayemjua jina. Na kama jambo ni talaka, eda au mirathi, weka simu mfukoni muende mahakama ya Kadhi. Ziko kwenye Katiba, Ibara ya 170, na hazihitaji bando.

Kitu kimoja cha mwisho ambacho wengi hamkijui. Ile miswada ya zamani ya Riyadha, Lamu, imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa chini ya mpango wa British Library unaoitwa Endangered Archives Programme, na picha ziliwekwa mtandaoni bure. Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia British Library na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa muda mrefu, kwa hivyo msishangae mkikuta viungo vya zamani vimekufa. Andikeni jina la mpango pamoja na neno Riyadh na Lamu. Ni vitabu vya fiqhi, vya sarufi, vya maulidi, vingine vina maandishi pembezoni ya wanafunzi waliokuwa wakisoma navyo, na mwishoni mwa baadhi yake utakuta jina la aliyenakili au ya wakfu, nani alikitoa na kwa ajili ya nani. Tafuteni waifai lakini, picha ni nzito.